Jina la Kumwitia Baba

Jumatatu, 3 Machi
Baba haitiki tena akiitwa Baba; ugonjwa wa kusahau umezidi. Spika ya jikoni imemwita mara tatu — "Baba, dawa!" — yeye anatazama dirishani, kama anaitwa jirani. Shangazi kanishauri nijaribu Fundi, jina walilomwita gereji enzi za kazi. Nikaita. Kageuka papo hapo: "Naam!" Basi nimebadilisha jina kwenye ile programu ya dawa niliyomtengenezea. Kufuta neno Baba kwa mkono wangu mwenyewe... haya.

Jumanne, 4 Machi
Balaa! Nimesahau programu ya mlango, ile inayomkataza kutoka peke yake. Zote mbili zimo kwenye kompyuta moja chini ya tivii, lakini kila moja ina mipangilio yake, haijui ya mwenzake. Asubuhi jikoni kumesema, "Fundi, meza dawa." Kaenda kushika kitasa — mlango nao: "Baba, usitoke." Nimemkuta kajikunyata nyuma ya kochi. Ananong'ona eti kuna mzee mwingine humu ndani, anaitwa Baba, wamemfungia. Tumtoe, maskini, kwao wanamsubiri.
Nimemwambia tutamtoa.

Jumatano, 5 Machi
Sikwenda kazini. Jina nimeliweka kwenye faili moja, nje ya programu zote mbili. Kila moja inalisoma humo kabla ya kufungua mdomo. Ukibadilisha pale, zote zimebadilika, bila kuzima chochote. Kazini ningepigiwa makofi! Hapa nimejifungia bafuni, nimelia.
Kaka kapiga simu. Eti nafasi imepatikana kwenye nyumba ya wazee, niache kuhangaika na mitambo. Nimemjibu vibaya.

Jumapili, 16 Machi
Fundi haliitikiwi tena. Shangazi kachimbua jina la utotoni — Kijiti, alivyokuwa mwembamba. Baba kacheka mpaka machozi! Kijiti, dawa. Kijiti, usitoke. Jikoni na mlangoni, neno moja. Hakuogopa. Kala, kalala.

Jumamosi, 29 Machi
Kijiti nalo basi. Shangazi hana jingine, kaishia kulia kwenye simu. Nimeandika jina la kwenye kitambulisho, hakugeuka. Nikaandika Mzee, akaendelea kutazama dirishani. Programu zinasoma vizuri, hazina kosa lolote.
Kaka kaja, kasimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Hasemi "nilikwambia". Afadhali angesema!
Baba kanisogelea hapa mezani. Kanitazama kwa heshima, kama mgeni aliyepotea njia. Kauliza taratibu: samahani binti, wewe ni mtoto wa nani?
Kaka katoka nje. Baba bado kasimama, anangoja nimjibu —