Je, Nimvizie Onzima Darajani?

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada ambao vitabu vimeninyima, nami nimesoma vingi: nina shahada ya falsafa, na katika midahalo ya chuo sikuwahi kushindwa, lakini sasa nimekwama kwenye swali moja, nalo ni kama ni halali kumpiga, hata kumuua, mtu ambaye kazi yake ni kufundisha wengine kuchukia.

Mtu huyo ni Onzima, na kila siku ya soko hutoka Arua hadi Koboko akiwa na kipaza sauti kwenye pikipiki, akihubiri kwamba wakimbizi wa Sudan Kusini ni kupe, na kupe hafukuzwi kwa maneno bali huchomwa. Na wiki iliyofuata mahubiri hayo vijana walimvamia Natale, fundi cherehani pale sokoni Koboko, mkimbizi, kaka wa mchumba wangu Keji, wakaimwagia cherehani yake petroli na kuiwasha, na alipojaribu kuiokoa wakampiga kwa nondo hata jicho lake la kushoto likapotea, kisha polisi wakatuambia tulete mashahidi, na mashahidi, ambao walikuwa soko zima, wote siku ile walikuwa wametazama upande mwingine.

Nilimkabili Onzima hadharani. Nilimkumbusha kwamba wazee wetu wa West Nile, hapa Uganda, walipokimbia vita walipokelewa Sudan, na kwamba yeye mwenyewe alizaliwa kambini huko, nikadhani nimemfunga mdomo. Akacheka.

"Ndiyo, mwalimu, tulilala kwao. Ndiyo sababu tunawajua!"

Watu wakapiga makofi. Nilipomtaja Natale, akainua viganja vyote viwili: "Mimi nilisema tu. Mukono yangu ilishika mutu gani?"

Tangu siku ile siamini tena kwamba hoja ina nguvu yoyote duniani, nami na rafiki zangu wawili tumeafikiana kumngoja darajani, pale anapolazimika kupunguza mwendo, tukiwa na marungu, na hatujasemezana tutakomea wapi. Nilipomweleza Keji hakunishukuru, aliendelea kugeuza mandazi kwenye mafuta, akasema, "Acidri, ukimupiga, kwenu Dadamu watakuita mwanaume. Sisi watatuita nini?" Naona hiyo ni hofu ya mtu aliyekimbia mara nyingi mno. Kwa baba yangu, mzee Alionzi, sitarajii lolote, kwani humsifu Onzima kila anapomsikia redioni, na hadi leo anaamini Koboko nakwenda kutafuta kazi. Je, anayempiga mwasha moto kabla moto haujawaka ana hatia gani? Nijibu kabla ya siku ya soko.

Acidri, Dadamu

*

Acidri (si jina lako; majina yote nimeyabadilisha, asije mtu akakutangulia hapo darajani akakuvizia wewe),

Pole kwa jicho la Natale. Hakuna neno langu litakalolirudisha. Sasa kaa nikukemee.

Swali lako halinihitaji mimi. Wakija mlangoni kwa Keji na petroli, simama mlangoni, na ukishika rungu sitakuhukumu. Kumvizia mtu darajani ni jambo jingine, na mtoto wa Dadamu hakupaswa kuniuliza. Kwetu mtu akiuawa, ndugu zake hawangoji upelelezi. Huwaendea wote wa ukoo unaodhaniwa, wakachoma nyumba, wakachinja mbuzi, wakang'oa mihogo. Onzima akianguka, atadhaniwa nani? Wewe mwenye shahada? Wataandamana moja kwa moja hadi kwa wale aliowaita kupe. Keji alikwambia hivyo akigeuza mandazi. Umeyaandika maneno yake kwa uaminifu, kisha ukayaita hofu.

Na sasa linalonikera zaidi. Desturi hiyohiyo inayochoma ndiyo inayokinga. Vijana wanaochoma cherehani ya mkimbizi asiye na mtu watasita kumgusa mke wa mtoto wa mzee Alionzi, kwa kuwa wanajua ni watu wangapi watakaoamka. Jambo hili unalijua tangu utoto. Mbona basi hujampeleka Keji kwenu? Uko tayari kuua kwa ajili ya Keji, lakini hujawa tayari kulitamka jina lake mbele ya baba yako. Unamtafuta Onzima darajani ilhali nusu yake iko sebuleni kwenu, inasikiliza redio.

Leo hii waambie wenzako kwamba hamwendi. Mwondoe Natale pale sokoni. Kisha nenda Dadamu mchana, majirani wakiona, umwambie mzee: huyu ndiye nitakayemwoa, na huyu mwenye jicho moja ni shemeji yangu. Anaweza kukufukuza. Ukifukuzwa, utakuwa umejua, nanyi mtatafuta pa kuishi mbali na Koboko. Onzima hatanyamaza kwa sababu hiyo, na makofi atapigiwa. Sina la kukufariji hapo, wala sitalitunga.

Ila kabla ya yote muulize Keji kama anataka kwenda. Amekwisha kubisha hodi katika nyumba nyingi, naye anaijua inayomkaribisha na inayomvumilia. Huenda akakataa.

Akikataa, usibishane naye.

Shangazi Hajara