Sindano Iliyobaki Kwenye Trei

Shoga, uko wapi? Nimejifungia chooni hapa kazini, nalia.

Leo tumemfanyia bibi mmoja upasuaji wa goti. Nikamchoma ganzi ya mgongo, miguu ikafa kabisa. Dawa ya kumtuliza asiogope nayo nilishaivuta, iko tayari kwenye sindano.

Nikamuuliza, "Bibi, unaogopa?" Akacheka. "Uzee wote huu niogope nini?"

Na mimi nikaamini! Nikaiacha sindano kwenye trei.

Madaktari wakaanza na msumeno, halafu nyundo. Wewe mwenyewe unazijua zile nyundo. Mashine ya mapigo ya moyo ikaanza kulia mbiombio. Unajua nilifanya nini? Nikapunguza sauti. Nikapunguza sauti, shoga! Nikajiambia ni waya umelegea.

Tumemaliza, namfunua mkono, kiganja kina alama nne za kucha. Zinatoka damu.

"Bibi, mbona hukusema?"

"Nilikuona una kazi nyingi, mwanangu. Sikutaka kukusumbua."

Halafu akanishukuru. Mimi! Akanipa mkono uleule.