Mlango Uliosikia "Funga"

MAELEZO YA SHAHIDI
Shahidi: mwanamke, miaka 46 (jina limehifadhiwa kwenye jalada)
Kazi: msaidizi wa nyumbani
Makazi: chumba cha uani, nyumba ya tukio

Nimefanya kazi kwa Bosi miaka sita. Kazi yangu kubwa ilikuwa kumtunza mama yake mzazi, ambaye sote tulimwita Bibi. Naomba afande aandike ninavyosema, asininyooshee maneno.

Bosi anapenda vitu vya mtandao. Yeye yuko ofisini, birika linachemka nyumbani. Sikatai, vilisaidia. Mwezi wa kwanza Bibi alianguka bafuni, bangili yake ikampigia Bosi simu yenyewe, tukamwahi. Bangili ile niliipenda jamani.

Kiharusi kilimwachia Bibi ulimi mzito. "Chukua" alisema "chuka". "Fungua" alisema "funga". Mimi nilimwelewa. Mlango wa chumba chake, unaofunguka kwa sauti, haukumwelewa. Akisema "funga" unamjibu, "Sawa, nimefunga." Bibi akaupa jina, Mkwe. "Mkwe kaninunia tena," ananiambia, tunacheka, halafu nausemesha mimi unafunguka.

Mnamo Jumatatu, tarehe 11, Bosi aliifuta sauti yangu kwenye mlango. Alisema namdekeza mama yake, na daktari anataka afanye mazoezi ya kutamka. Kitasa cha ndani alishakitoa zamani, kwa sababu Bibi alitoka mara mbili hadi barabarani, na kwa nje mlango ule hauna kitasa wala tundu la ufunguo. Sasa mlango ukawa unamsikia Bibi na simu ya Bosi tu, na unafunguka wenyewe saa za chakula. Nikamwambia, "Bosi, huyu ni mama yako, siyo kasuku." Akasema, "Siku akitamka sawasawa atatoka mwenyewe. Mlango utamfundisha." Bibi alikuwa amekaa hapo hapo, anasikia.

Jumanne nilimpigia Bosi nikamdanganya kuwa Bibi anaumwa tumbo, ili afungue. Akafungua, akagundua. Hilo ni kosa langu, liandikwe.

Mnamo Alhamisi, tarehe 14, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nilikuwa jikoni. Mvua ilikuwa inanyesha, na hita ya chumbani kwa Bibi huwa inajiwasha ikihisi baridi. Nikamsikia anakohoa. Nilipofika, moshi unatoka chini ya mlango. Bibi akapiga kelele, "Shali inaunga!" Nikajua inaungua. Kisha akaanza, "Funga! Funga!" Na mlango, kwa adabu zote, "Sawa, nimefunga."

Nikaufokea, "Fungua, mwanaharamu wewe!" Haunijui. Nikampigia Bosi. Nikasema moto, fungua mlango wa mama. Akasema, "Umeanza tena? Mwambie aseme mwenyewe." Akakata. Nikapiga tena mara nne, hakupokea.

Nikakimbilia kwa jirani yetu, fundi wa kuchomelea. Akaja na mashine yake, akaanza kukata nondo za dirisha. Mimi nikarudi mlangoni, nikalala chini, mdomo kwenye upenyo. Nikasema, "Bibi, polepole. Fu-ngu-a." Akajaribu. "Funga." "Sawa, nimefunga." Nikasema, "Tena, mama yangu." Nilikuwa nalia, na yeye alikuwa analia.

Kisha akasema, "Fungua."

Alilisema lote. Tangu augue sijawahi kulisikia likitoka hivyo. Lakini sauti ilikuwa imekauka kwa moshi. Mlango ukajibu, "Samahani, sauti hii siitambui."

Saa nne na dakika arobaini na moja fundi aliingia kwa dirisha. Bibi alikuwa sakafuni, uso umeelekea mlangoni. Alikuwa ameshakata roho.

Bosi alifika saa sita kasoro. Hakuniuliza mama yake alikufaje. Alinionyesha kwenye simu yake orodha ya maneno yote ambayo mlango ulisikia, akasema, "Angalia, mama kasema funga mara kumi na saba. Alijifungia mwenyewe. Ukienda polisi useme hivyo." Najua kusoma. Nikasoma mpaka chini. Mstari wa mwisho uliandikwa: Fungua. Sauti ya mgeni.

Nikamwuliza, "Huyu mgeni ni nani?" Akazima simu.

Niliyoyaona na kuyasikia ndiyo hayo. Bibi hakujifungia.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maandishi ya askari: Nimemsomea shahidi maelezo yake, akayakubali. Ameomba nikate maneno "marehemu alijifungia", niliyokuwa nimeshayaandika juu ya jalada kabla hajaanza kuzungumza. Nimeyakata.