Haikuwa Mimba, Mama Zaina

Mama Zaina,

Haikuwa mimba. Naanza na hilo, maana ndilo nililopaswa kukuuliza kabla ya kukuhukumu.

Nimerudi Moroni, kwenye kazi ile ile ya kupakua magunia bandarini. Tangu kisiwa chetu kijitenge na visiwa vingine, sisi watu wa Nzuani tunatazamwa huku kama wezi. Simu zilikatwa, vyombo vya baharini vikazuiwa. Nilikuwa na miezi kumi na minne sijakuona, pale mtu wa mtaani kwetu aliyevuka kwa kujificha aliponiambia tumbo lako limekua. Wenzangu wakanitania: "Wee Mnzuani, kwenu hata mimba zimejitangazia uhuru, hazimngoji mume!" Nikacheka nao. Kisha nikakaa juu ya gunia la mchele, nikakuandikia: "Aliyekujaza ndiye akulee." Mtu yule yule akakuletea.

Mama yako ndiye aliyekutetea. Alisema ni mtoto wangu, amelala tumboni tangu nilipoondoka, ataamka nikirudi. Wazee wetu wanaamini mimba huweza kulala hivyo hata miaka, na nyumba nzima ikalishika neno hilo kwa kuwa lilikukinga na aibu. Lakini nani anampeleka hospitali mtoto aliyelala? Ulipovuja damu walikuambia utulie, usimwamshe.

Habari ya kifo chako ilichelewa kunifikia; nilifika nyumbani arubaini yako imeshasomwa. Nilimtafuta daktari aliyekupasua siku ya mwisho. Akaniambia ulikuwa uvimbe wa kizazi, mkubwa kama tunda la shelisheli, na damu ya kukuongezea haikuwepo. Nikamuuliza ni wanawake wangapi kwetu wanazikwa na uvimbe huku watu wakidhani ni mimba. Akasema hajui. Hakuna aliyewahi kuchunguza, wala kuwauliza. Alisema taratibu tu, kama mtu anayekuambia mvua haijanyesha.

Hasira ilinipanda, bado haijashuka. Unamjua gombessa, yule samaki wetu wa kale. Wageni wanavuka bahari kuja kumchunguza. Nimewabebea masanduku yao hapa bandarini, machupa na mitambo, nafokewa nisiyatikise. Wameshampasua, wanajua anazaa watoto hai, wanajua tumbo lake lilivyo ndani. Tumbo lako wewe, lililonizalia Zaina, lilikuwa aibu ya kufichwa mpaka likafunikwa na udongo. Mimi niliishia darasa la nne, lakini najua ugonjwa usioulizwa hautibiki.

Na daktari simlaumu peke yake. Kila mwezi ulijikunja juu ya mkeka kwa maumivu, mimi nikivaa kofia yangu natoka. "Mambo ya wanawake," nilisema. Miaka tisa, mke wangu. Sikukuuliza hata mara moja panauma wapi.

Kwetu Mutsamudu bado wanasema ulikufa na mimba ya mtu. Zaina anaambiwa hivyo na watoto wenzake, anarudi nyumbani analia.

Basi nakuahidi. Nikipata chombo cha kunivusha, Ijumaa ya kwanza nitasimama uwanjani, pale wanaume wanapokaa baada ya sala, nikutaje kwa jina. Nitasema ulikuwa na uvimbe wa kizazi, ulikuwa mgonjwa, nami mumeo nikakuita mzinzi. Wakiniambia mwanamume hataji kizazi hadharani, nitakitaja tena, kwa sauti zaidi.

Mungu alipanue kaburi lako. Msamaha siuombi mpaka nimeshasema.

Mumeo