Kanda Sita za Mgongo Wangu

Walal Jama, kaka yangu,

Asalaam aleikum. Leo sitangoja uitikie.

Naandika nikiwa nimesimama, karatasi juu ya boneti ya lori. Nikikaa natulia dakika tatu tu, halafu naamka, nazunguka ua, narudi. Si mgongo. Mgongo ni mzima, na hiyo ndiyo kesi yangu na wewe.

Unakumbuka nilivyokuwa. Miaka kumi na minne ya barabara ya Moyale: utingo, dereva, mpaka lori langu mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu. Barabara ikachukua mgongo. Miaka miwili niliswali juu ya kigoda, nikiangalia visigino vya wenzangu wakisujudu. Ndipo ukaanza kunitumia kanda kutoka Nairobi kwa mkono wa madereva: mazoezi ya yoga uliyofundishwa na Mhindi wako, tajiri wa duka la vitambaa ulikofanya kazi. Nilicheka. Ukasema kwenye kanda ya kwanza, "Cheka, lakini cheka ukiwa umelala chali."

Nikalala chali. Kila asubuhi, redio kaseti kando ya mkeka, sauti yako ikihesabu: vuta pumzi, nne, achilia, sita. Jirani, Mama Halima, akachungulia: "Weh, mwenye lori, umepoteza sindano?" Mtaa wote wa Kiwanjani ukajua. Wiki ya tatu nikafunga kamba za viatu mwenyewe. Ya tisa nikalala usiku mzima bila kugeuzwa. Ya kumi na saba paji la uso likagusa mkeka. Nililia, walal. Nikakutumia habari, nawe ukajibu kwenye kanda ya sita: "Idd nakuja. Tutasujudu bega kwa bega."

Kwenye kanda hiyo ulikohoa mara kumi na moja. Nilihesabu. Ukasema ni vumbi la vitambaa. Na mimi, ninayejua kila nati ya lori ikilia, nikarudisha kanda nyuma nitafute zoezi la kiuno.

Wakakuleta siku tisa kabla ya Idd. Nilisimama safu ya kwanza. Imamu alipopiga takbira ya pili, mwili huu uliofundishwa na wewe ukaanza kushuka, mikono magotini, mbele ya watu wote. Shemeji akanivuta shati: "Simama, ni ya jeneza!" Swala ya maiti haina kuinama. Kanda sita za kunifundisha kuinama, halafu unaniletea swala ya kusimama tu! Hiyo sijakusamehe. Na kile kikohozi... hicho sijajisamehe mimi.

Mama Halima ameazima kanda ya kwanza. Anasema ni ya magoti ya dada yake.

Idd ni kesho kutwa. Safu haiachi pengo, kwa hivyo mtu mwingine atasimama mahali pako. Nitasogea mpaka bega liguse bega. Pumzika, walal. Nitashuka kwa kuhesabu nne, nikuombee huko chini, niinuke kwa sita, bila kushikwa na mtu.

Mdogo wako,
Yusuf