Jiwe la Kufulia na Mpaka wa Mtoni

Ipogolo,
Iringa.
Jumapili, 14 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Jailos,

Kamwene. Habari za huko Makongolosi? Wifi yangu Ipyana hajambo? Na Tumpe, lile jino lililokuwa linamsumbua lilishang'olewa? Mwezi uliopita uliniambia kikohozi cha vumbi la machimbo kimepungua lakini hakijaisha. Nakuomba uende hospitali wakakusikilize kifua, usiridhike na tangawizi.

Sisi hapa ni wazima. Baridi ya mwaka huu imekaza kwelikweli. Asubuhi ukungu unalala juu ya Ruaha hadi saa tatu, na Mama anaota moto huku amejifunika blanketi. Goti lake la kushoto bado linamsumbua, ila mdomo hauna tatizo lolote, kama utakavyoona mbele.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu nakujua. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika katikati. Bahasha hii nampa dereva wa basi pamoja na gunia dogo la maharage. Soma mpaka mwisho, ndipo ukasirike kama bado utataka.

Ni habari ya kiwanja chetu, na zile fremu nne za maduka ulizotaka kujenga kule chini karibu na mto.

Unakumbuka nilikuambia Manispaa inataka kubadilisha matumizi ya viwanja vyote vilivyo kati ya barabara kuu na mto. Vilikuwa vya makazi, sasa vinapendekezwa kuwa vya biashara. Sharti ni kwamba mita sitini kutoka ukingo wa mto zibaki wazi, pasiwe na jengo. Kwa mujibu wa ramani, viwanja vyetu vinaishia pale mita sitini zinapoanzia. Kwa hiyo mpaka ni bikoni za nyuma, yale mawe ya saruji ya wapima ardhi. Ukijenga ndani ya bikoni uko salama, ukizivuka unabomoa.

Mkutano wa kwanza ulifanyika Jumamosi tarehe 29 Juni kwenye uwanja wa ofisi ya mtaa. Mimi niliandika muhtasari kama kawaida. Viti vya plastiki vilitoka dukani kwa Mujtaba, bure, kama marehemu baba yake Mzee Taherali alivyokuwa akiazima kwa kila mkutano na kila msiba hapa mtaani.

Mabishano yalianza mapema. Ambokile, yule kijana wa Tukuyu anayewaongoza waosha magari, alisimama na ndoo yake mkononi kana kwamba ni kielelezo mahakamani.

"Mnatutoa mtoni. Haya, malori tuyaoshe kwa mate?"

Veronika, ambaye bustani zake za chainizi ziko chini kidogo ya hapo wanapooshea, hakusubiri ruhusa ya kusema.

"Oshea unapotaka, mwanangu. Ila oili yako nimeila kwenye mboga miaka mitatu. Ukinichanja leo itatoka dizeli."

Watu walicheka sana, hata Ambokile mwenyewe. Kwa kweli wote wawili walikuwa na haki. Wengine walisema mto ndio uliowalisha, wengine wakasema tukiendelea hivi hautamlisha mtu. Niliandika kurasa tisa.

Halafu akasimama mpima ardhi wa Manispaa. Akasema amepima kwa mashine bikoni zote za nyuma, na zote zinakubaliana na ramani isipokuwa moja. Hiyo iko kwenye kona ambapo kiwanja chetu kinakutana na cha Mujtaba. Imesogea mita kumi na nne kuelekea mtoni, na nusu ya stoo ya mbao ya Mujtaba imekaa kwenye eneo la wazi.

Vichwa vyote uwanjani vikageuka upande wa Mujtaba. Sauti ikatoka nyuma: "Mhindi kautembeza mpaka!" Nyingine ikadakia: "Huyo ni mla mto!"

Mujtaba alisimama. Alisema yeye amezaliwa hapahapa, na stoo ile baba yake aliijenga mwaka 2001 akifuata jiwe alilolikuta. Hakuna aliyemsikiliza, na wote walikuwa wamekalia viti vyake. Mwenyekiti akatamka kwamba ombi lake la biashara linawekwa kando, na jina lake litapelekwa Manispaa kama mtu aliyehamisha bikoni. Unajua hilo ni kosa la kupelekwa mahakamani.

Kalamu yangu ilisimama hapo, Jailos. Nadhani na wewe sasa umeanza kukumbuka.

Kiangazi cha mwaka 1996 Mama alitulalamikia kwamba pale tunapofulia ni tope tupu, nguo zinatoka chafu kuliko zilivyoingia. Wewe ukaona kule nyuma kuna jiwe zuri la saruji, bapa juu, halina kazi. Tukalichimbua kwa jembe la Baba, tukalivingirisha hadi mtoni. Nyumba nzima ilifulia pale mwaka mzima. Mwaka uliofuata akaja mtu wa ardhi kuulizia bikoni, na Baba akasema aliyegusa bikoni atakwenda jela. Ulilia mchana wote ukifikiri utanyolewa kipara cha mfungwa Jumatatu.

Siku ile ya mkutano nilirudi nyumbani nikafungua sanduku la shajara zangu. Ya kwanza kabisa ni ya mwaka 1997, nilipoingia kidato cha kwanza. Nakunukulia kama nilivyoiandika:

"Jumamosi, 6/9/1997. Mawingu, hakuna mvua. Nimefua sare. Tumerudisha jiwe la kufulia. Hatukulirudisha palepale kwa sababu pana siafu na Jailos ameng'atwa mara nne. Tumelifukia mbele zaidi, hatua 22 za Jailos kutoka kwenye mkaratusi uliopinda, kuelekea mtoni. Baba hajui. Nimekula ugali na mlenda."

Basi. Mpaka wa mto ulihamishwa na siafu.

Ungetegemea nikimbie kwa mwenyekiti jioni ileile. Sikukimbia, na sitaki kukuficha hilo. Nilikaa na shajara ile siku sita, kwa sababu bikoni hiyo ni ya Mujtaba na ni yetu pia. Ikirudi ilipokuwa, kiwanja chetu nacho kinapungua, na pale ulipokwisha kurundika matofali ya fremu panakuwa eneo la wazi. Nilijiambia ninakulinda wewe uliyechimba miamba miaka minane ili upate matofali hayo. Nilijiambia pia kwamba labda Manispaa itasahau.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kwa Mujtaba kununua misumari. Nilimkuta yuko nje na ndoo ya maji ya sabuni, anafuta maneno yaliyoandikwa kwa mkaa kwenye mlango wa duka: MLA MTO. Alikuwa amebakiza herufi mbili. Aliponiona alijikausha mikono akaniuliza, "Dada Kalista, kesho mtahitaji viti vingapi?"

Nilisahau misumari, Jailos. Nilimjibu themanini, nikarudi nyumbani nikaiweka shajara kwenye mkoba.

Siku ya pili ya mkutano, Jumamosi tarehe 6, nilimwomba mwenyekiti nafasi kabla ya ajenda. Nilisoma ukurasa ule kwa sauti, mpaka kwenye ugali na mlenda, maana niliogopa nikiruka kitu watasema nimetunga. Halafu Ambokile akainua ndoo yake juu. "Jamani! Serikali imeshindwa na siafu!"

Mpima hakucheka. Aliniuliza kwa heshima, lakini kwa ukali, kama nina shahidi zaidi ya daftari langu mwenyewe. Kabla sijajibu Mama alianza kunyanyuka kwenye kiti, mkono kwenye goti.

"Shahidi ni mimi. Mwaka mzima nimesugulia miguu yangu juu ya serikali bila kujua. Hao wakaniambia wameliokota kwenye ujenzi wa barabara. Kachimbueni muone kama kona moja haijalika."

"Mama, ulisugua kwa nguvu kiasi hicho?" mwenyekiti akamuuliza.

"Wewe hukuona visigino vyangu wakati ule, mwanangu."

Tulikwenda wote, mkutano mzima, tukateremka hadi kwenye kona. Jiwe lilichimbuliwa. Kona moja ilikuwa imelika ikawa laini kama sabuni iliyotumika, na sehemu hiyo ilikuwa imefukiwa chini ya udongo, mahali ambapo mguu wa mtu usingeweza kufika. Halafu mpima akaomba tumwonyeshe lilipotoka. Lilikuwa ubavuni mwa ule mkaratusi uliopinda, ambao ulishakatwa lakini kisiki kipo. Mashine yake na kisiki vilikubaliana, akaamuru pachimbwe. Kina cha mkono mmoja jembe likagonga chuma. Ni ile nondo wanayoisimika chini ya bikoni, ambayo mimi na wewe hatukujua kwamba ipo. Hapakuwa na siafu hata mmoja.

Mwenyekiti aliondoa maneno yake kuhusu Mujtaba mbele ya watu wote, na akaniagiza niyaandike hivyo kwenye muhtasari. Waliokuwa wakipiga kelele nyuma wiki iliyotangulia, wawili walikwenda kumshika mkono. Wengine waliangalia mto. Kuhusu sisi, mpima alisema watoto wa umri ule hawashitakiwi, ila akanishauri nisiazime tena mali ya serikali kwa kufulia.

Sasa nakuja kwenye lile linalokuhusu, mdogo wangu. Mpaka umerudi. Pale chini hutajenga. Najua ni mimi niliyeyasema na si wewe, na najua sikukuuliza kwanza. Nilijua ningekuuliza, ungesema hapana kwa siku tatu, ya nne ungesema ndiyo, na siku hizo tatu zingekuwa nyingi mno kwa Mujtaba. Kama nimekosea kukudhania hivyo, nisamehe.

Lakini sikiliza na hili. Sehemu ya juu, kuanzia nyumba ya Mama hadi barabarani, sasa inaruhusiwa biashara, na hakuna aliyeweka pingamizi. Siku mbili baada ya kupima, Mujtaba alikuja nyumbani. Stoo yake ataivunja mwenyewe nusu ile ya nyuma. Anapendekeza ajenge upya kwa mbele, mpakani na sisi, na ukuta wa mpakani uwe mmoja kwa pande zote mbili. Amekubali mbao za paa la zamani zitumike kuezekea upande wetu. Tukifanya hivyo, fremu mbili zinapatikana mbele, zinaangalia barabara. Si nne, najua. Ila malori yote ya Mbeya na Tunduma yanapita hapo mbele, na kule chini wangekuja vyura tu. Nilipomuuliza kwa nini anatufanyia hivyo baada ya yote, alisema, "Baba alikufa akijua alijenga kwenye haki yake. Umenirudishia hilo."

Eneo la wazi Manispaa imekubali tulitumie kwa miti na mboga, bila jengo na bila mbolea ya chumvichumvi. Veronika ameshaanza kunifundisha. Waosha magari bado hawajapata jibu. Wanaahidiwa sehemu ya juu yenye shimo la kuchujia oili, na Ambokile ameapa atakaa kwenye kila kikao mpaka shimo lichimbwe. Mimi nimemwambia nitaandika tarehe ya kila ahadi.

Matofali yako yako salama. Mimi na majirani tumekwisha kuyapandisha juu, hakuna hata moja lililobaki chini. Mawili yalivunjika, ni makosa yangu.

Bikoni mpya itasimikwa Jumamosi tarehe 27 Julai saa nne asubuhi. Wenye viwanja vyote viwili wanatakiwa wawepo na kusaini. Hati yetu ina jina la Mama na lako. Mama anaweza kusaini peke yake ukimpa idhini kwa maandishi, lakini hataki. Anasema mliochimbua mlikuwa wawili, na wa kufukia wawe wawili. Nami ndivyo ninavyotaka. Njoo, hata kama utakuja umenuna. Nimeshamwambia Mujtaba kwamba utakuja.

Msalimie sana wifi Ipyana, mwambie kitenge alichonishonea nilikivaa siku ile ya kusoma shajara na kilinipa moyo. Mpe Tumpe salamu za shangazi yake, na umwonyeshe ukurasa ule niliokutolea kopi, ajue baba yake aliwahi kulia kwa hofu ya kipara. Mama anakusalimu na kukuombea kila asubuhi kabla hajaota moto. Mujtaba na mama yake wanakusalimu. Mungu akulinde mgodini, akushushe salama na kukupandisha salama kila siku.

Na la mwisho. Kwa kuwa bikoni mpya itakuwa na namba mpya, mpima alikuwa anaondoka na lile jiwe la zamani. Mama alimzuia njiani akaliomba, naye alishindwa kumkatalia. Liko uani, bombani, kona iliyolika ikiwa juu. Najua basi la kutoka huko linavyojaa vumbi. Ukifika sugua miguu kwanza, ndipo uingie ndani.

Dada yako akupendaye, jana, leo na tarehe 27,

Kalista