Blanketi Nililokamua na Mama Yako

Neema, mtoto wa dada yangu,

Hapa Mururu batoto wazima, ila mdogo hanipi usingizi. Unauliza kwa nini sumaku inaachanisha elektroni mbili zinazozunguka kinyume ndani ya metali baridi isiyozuia umeme, na kwa nini katika metali nyingine zinagoma kuachana. Usipoelewa, unasema, utaacha masomo.

Zamani nilikamua blanketi na mama yako, yeye akisokota kuelekea ziwani, mimi mlimani. Nyanya yako akafoka: “Wote ziwani, bavivu nyie!” Tukatii, blanketi likajisokotoa na maji yake ndani. Sumaku ndiyo nyanya yako huyo: inataka elektroni zote mbili zizunguke upande mmoja.

Kesho yake tulipatana: wa upande wa jiko asokote ziwani, wa njiani mlimani, hata tukibadilishana nafasi. Nyanya yako akafoka bure. Elektroni za metali inayogoma nazo, mzunguko wa kila moja ukifungwa na upande inakoelekea, hazitii sumaku.

Siku hizi mama yako anauza Bukavu. Nafunga ncha moja ya blanketi nguzoni, nakamua peke yangu. Usiache.

Mama yako mdogo